Karavati la Chini ya Maji

Machi 2, Jumatatu

Doyle ameninunulia daftari hili alipokwenda kununua oili ya injini. Anasema niandike, maana yeye amesikiliza habari za samaki miaka yote ya ndoa yetu na masikio yake sasa yanaomba likizo. Haya. Naanza na yeye: amelala kwenye kochi na viatu vyake, mdomo wazi, na jioni bado haijaingia.

Msimu wa mashindano ya uvuvi ya wanawake unafunguliwa Ijumaa. Mashindano ni manne, kila moja siku mbili, kila moja na ziwa lake, na la mwisho ni hapa hapa nyumbani, Guntersville. Kila siku unapeleka mzanini samaki wako watano wakubwa wa aina ya besi, wakiwa hai, kisha wanarudishwa majini. Msimu ukiisha, wanawake thelathini wenye pointi nyingi wanakwenda Fainali. Mimi sijawahi kwenda. Twyla Pruitt, shoga yangu, amekwenda mara nne, na mara zote mimi ndiye niliyemchemshia karanga za njiani, nikasimama ufukoni kumpigia makofi hadi viganja vikawaka.

Daktari amesema bega langu la kulia lazima lipasuliwe Oktoba, na baada ya hapo haahidi kama nitarusha tena mshipi. Kwa hiyo ni mwaka huu. Nikishafika Fainali walichukue bega, wakitaka waliweke kwenye chupa.

Machi 6, Ijumaa. Eufaula

Baridi na manyunyu. Besi watatu, wembamba.

Machi 7, Jumamosi. Eufaula

Watano leo, lakini hakuna hata mmoja wa kumwonyesha mama mkwe. Nimemaliza wa arobaini na moja. Twyla wa tisa.

Aliyeshinda ni binti anayeitwa Kaylin Sizemore, miaka ishirini na tatu, kucha za zambarau. Boti yake ina skrini nne. Moja ni ya ile mitambo mipya inayokuonyesha samaki akiogelea mbele ya boti saa hiyo hiyo, hata chambo chako unakiona kikishuka puani mwake. Binti hatazami maji kabisa. Ameinamisha kichwa kama mtu anayefuatilia tamthilia, mara anarusha, mara anavuta.

"Yule havui," nilimwambia Twyla tukifunga boti kwenye trela. "Yule anaangalia televisheni."

"Basi na mimi naitaka hiyo chaneli," Twyla akasema.

Nilidhani anatania.

Machi 19, Alhamisi

Hakuwa akitania. Amenunua skrini.

Machi 29, Jumapili

Nilimpigia Twyla simu baada ya ibada, kama kawaida yetu. Hakuweza kuongea. Kaylin yuko kwake, anamfundisha mitambo. Nyuma yake nilisikia kicheko cha msichana na sahani zikigongana. Kwa hiyo wamekula pamoja. Nami nilikuwa nimeoka mikate ya siagi nikidhani atapita.

Doyle amekula minane. Angalau mtu mmoja amefurahi.

Aprili 10, Ijumaa. Ziwa Smith

Naandika hili ili nisilirudie. Leo nimeshusha boti majini bila kizibo.

Mtoto wa shule ya msingi hapa Alabama anajua kwamba kabla boti haijagusa maji unaingiza kizibo kwenye tundu la nyuma. Miaka kumi na minne nimeshindana, sijasahau hata mara moja. Leo nilikuwa natazama pembeni, Twyla na yule binti wameegemea gari la Twyla wanacheka kitu kwenye simu, na mimi ninarudisha trela nyuma huku najiuliza wanamcheka nani. Nilipotanabahi maji yalikuwa yamefika kwenye betri. Watu sitini kwenye foleni nyuma yangu. Ilibidi boti ivutwe, maji yamwagike yote, na kila aliyepita aliuliza kwa upole kama niko salama. Heri wangenizomea.

Nimevua nusu siku. Wawili.

Aprili 11, Jumamosi. Ziwa Smith

Siku ya pili imefutwa. King'ora cha kimbunga kililia wakati tunajipanga kuondoka, na Bwana Garland Stiles, msimamizi wetu, akatupigia kelele sote tukimbilie vyoo vya kambi, maana ndilo jengo pekee la zege. Hebu fikiria wanawake sitini chooni, wengine wamekaa kwenye masinki, mvua ya mawe inapiga bati, na hakuna anayezungumza habari ya kufa. Wanazungumzia rangi ya chambo.

Kaylin alikuwa ameketi sakafuni kati ya Twyla na Bi Odessa Crum. Bi Odessa ana miaka sabini na moja na hana boti. Yeye huvua kama mwenzi wa nyuma: kila siku anapangiwa kwa kura boti ya mtu, anavua popote mwenye boti anapompeleka, halalamiki. Huwa analalamika kuhusu mambo mengine yote.

Binti akauliza, wala hakuwa na ubaya, "Nyinyi mmekuwa marafiki miaka yote hii. Mkishajua samaki wako wapi, hamwambiani?"

Habari ya rangi ya chambo ikaishia hapo. Hata mvua ya mawe nahisi ilipunguza.

"Mwanangu," Bi Odessa akamwambia, "hapa tunaazimana taulo, gari, na mimi niliwahi kuazima mume wa mtu anibebee jokofu. Mahali hatuazimani."

"Kanuni naijua," Kaylin akasema. "Tangu siku ya kwanza ya mazoezi mpaka mzani wa mwisho, usipewe habari ya mahali na mtu yeyote. Nilikuwa nauliza wakati mwingine. Wakati wa kawaida."

"Hata wakati wa kawaida," nikasema mimi. "Kanuni ni ya Garland. Hii nyingine ni adabu."

Nilisema kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia. Twyla aliniangalia, kisha akainamia viatu vyake. Lakini ni kweli. Mimi na Twyla tumelala kitanda kimoja kwenye nyumba za wageni za majimbo manne. Najua vidonge vyake vya moyo anavimeza saa ngapi. Alinishika mkono tulipomzika mama. Sijawahi kumwambia hata mahali pamoja, wala yeye kuniambia, na ndiyo maana bado ni marafiki.

Kimbunga kimepita upande mwingine wa mlima. Tumepimwa kwa samaki wa jana tu, maana yake nimepimwa kwa wale wawili.

Aprili 22

Bega. Nimekoroga sufuria ya mchuzi wa watoto mia tatu jikoni pale shuleni ninapopika kwa mkono wa kushoto.

Mei 8, Ijumaa. Chickamauga

Hatimaye! Watano, ratili kumi na tisa. Nimelala wa nne. Doyle nilimpigia simu akaniuliza kama nimekunywa.

Mei 9, Jumamosi. Chickamauga

Nilikuwa na watano wengine tangini, wazuri, na muda wa kutosha wa kurudi. Injini ikakohoa mara mbili ikafa. Mbali sana na bandari, jua la kuchemsha yai, na upepo umekufa pia. Ukichelewa mzanini unakatwa ratili kwa kila dakika. Nilivuta, nikapiga, nikatukana, nikamwomba Mungu msamaha, nikatukana tena.

Akaja Kaylin. Alikuwa akielekea mahali, naona, na bado alikuwa na saa nzima ya kuvua. Akasimamisha boti kando yangu.

"Bi Verna, hamia huku na samaki wako. Kanuni inaruhusu."

"Endelea na shughuli zako. Itawaka."

"Haitawaka. Imetoa moshi."

"Nimekuambia itawaka."

"Bi Verna," akasema, naye sasa amekasirika kidogo, jambo ambalo lilinipendeza, "ukitaka kununa, nunia kwenye boti yangu."

Nikahamia. Alinikimbiza mpaka bandarini bila neno, na saa ile nzima ya uvuvi wake ikapotelea kwangu. Mimi nimemaliza wa saba. Yeye wa kumi na tisa.

Mei 10, Jumapili

Sikumshukuru. Nilisema "haya basi" nikabeba mfuko wangu wa samaki. Nimemweleza Doyle. Akasema, "Fadhila za punda ni mateke," akaendelea kukata nyasi.

Mimi sipendi kusaidiwa. Nikisaidiwa nasikia kama mtu amenikumbusha kuwa sitoshi. Hata baba alikuwa hivyo, alikufa akiwa amekataa fimbo.

Mei 25, Jumatatu

Pointi zimetoka. Mimi wa ishirini na sita! Twyla wa kumi na mbili. Kaylin wa pili.

Yamebaki Guntersville tu, na Guntersville nina karavati.

Hili sijamwambia hata Doyle, nakiandikia kitabu hiki tu. Ng'ambo ya kisiwa cha mierezi kuna barabara ya changarawe iliyozama zamani walipojenga bwawa. Wengi wanaijua barabara. Lakini kwenye bonde lake moja kuna karavati la mawe, lile tundu la kupitishia maji chini ya barabara, na hilo nililipata mimi, miaka mitatu iliyopita, nanga yangu iliponasa nikahangaika nusu siku kuinasua. Nilipoinasua ilitoka na jiwe, na nilipotupa chambo nilitoka na besi wa ratili saba. Kiangazi wanakusanyika pale kama watu kwenye kivuli. Msimu huu sijaligusa. Hata karibu sijapita, mtu asije akaniona nimepunguza mwendo.

Juni 9, Jumanne

Joto. Mazoezi. Nimevua kila mahali nisipopataka.

Juni 11, Alhamisi

Twyla amefika na begi lake. Mashindano yakiwa hapa hulala kwetu, chumba cha nyuma. Ameleta pichi. Tumekaa barazani tukanywa chai ya barafu, tukawasema watu, na kwa muda nikasahau kuwa nilikuwa nimemkasirikia tangu Machi.

Mpango wangu: kesho nivue kwenye majani ya majini upande wa kusini kama kila mtu, nipate watano wa kawaida. Karavati liwe la Jumamosi. Ukiligusa siku ya kwanza, siku ya pili utakuta boti kumi zimeegeshwa hapo.

Juni 12, Ijumaa

Nimekaa bafuni na mlango nimeufunga, maana ndipo mahali pekee nisipoweza kumwona Twyla.

Majani ya kusini yalininyima. Watatu. Kwa jumla ya pointi nimeshuka mpaka wa thelathini na nne. Sikuogopa sana, nilikuwa na kesho. Lakini jioni jikoni nilikuwa nakata vitunguu, bega linawaka, na machozi yakaanza, mwanzo ya vitunguu, baadaye si ya vitunguu. Doyle alikuwa anakaanga bamia amenipa mgongo. Twyla alikuwa akimenya viazi, akaniona.

"Shoga," akasema. "Mimi sikuambii kitu."

"Usiniambie."

"Sikuambii. Nawaza tu kwa sauti. Mimi ningekuwa na siku kama yako ya leo, kesho ningepita ng'ambo ya kisiwa cha mierezi. Kuna barabara ya zamani chini…"

"Twyla, nyamaza."

"…na kwenye bonde kuna karavati. Wamejaa, Verna. Nimewaona kwenye skrini Jumatano, mkubwa kwa mkubwa. Mimi nimeshavuka kwenda Fainali, sina haja nao."

"Nyamaza!"

Doyle akageuka na kijiko. Twyla akaweka kidole mdomoni, akanikonyeza, akarudi kwenye viazi vyake. Amefurahi! Alikuwa anaimba puani. Anadhani amenipa zawadi.

Sasa sikiliza, daftari, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Karavati ni langu. Nililijua kabla hajalijua. Lakini kanuni haisemi "usipewe habari usiyoijua." Inasema usipewe. Nami nimepewa, jikoni kwangu mwenyewe, kisu mkononi. Nikienda kesho nikafanikiwa, na Garland akanikalisha mbele ya mashine ya kupima uongo, kama anavyowafanyia washindi, akaniuliza, "Kuna mtu aliyekuambia mahali?" nitajibu nini? Nitasema ndiyo, lakini nilikuwa napajua? Kila mwizi ana "lakini" yake.

Naweza kumpigia Garland sasa hivi nimuulize. Lakini kuuliza ni kumshtaki Twyla. Atauliza ni nani aliyeniambia, na adhabu yake ni kufutwa: samaki wake wote wa mashindano haya, pointi zake zote za hapa, na Fainali yake.

Naweza kwenda kimya kimya. Mashine ni ya washindi, na mimi sitashinda, nitavuka tu. Hakuna atakayejua. Ningekuwa nimevua mahali pangu kama nilivyopanga tangu Mei.

Na siku zote, kila nikilala, nitajiuliza kama nilikwenda kwa sababu nilipanga au kwa sababu shoga yangu alinionea huruma. Miaka mitatu nimelificha karavati lile kwa watu wote wa kaunti tatu, na limeharibiwa na mtu anayenipenda. Angekuwa adui ningejua la kufanya.

Doyle anagonga. Anataka kuoga.

Juni 13, Jumamosi

Kura ilinipangia Bi Odessa nyuma ya boti. Tuliondoka bandarini ukungu bado uko juu ya maji. Sikuwa nimeamua. Nilijidanganya kuwa nimeamua, lakini tulipokikaribia kisiwa cha mierezi mkono wangu wenyewe ulipunguza mwendo, nikazunguka, nikazima injini, tukasimama juu ya karavati.

Skrini yangu ni ndogo, ya zamani. Ilinionyesha vizuri tu. Walikuwa wamejaa.

Bi Odessa akanyanyua ufito wake.

"Usirushe, Bi Odessa. Tafadhali."

Akaushusha. Tukakaa. Samaki mmoja aliruka karibu kabisa, mnene kama mkungu, akatua na kishindo. Mikono yangu niliibana mapajani.

"Mwanangu," Bi Odessa akasema, "tumekuja kusali?"

"Tunaondoka."

"Tunaondoka," akarudia. "Miaka yangu yote sijawahi kukaa juu ya samaki wengi hivi na mikono mapajani. Nitakuja kumwambia nani aniamini?"

Hakuuliza zaidi, Mungu ambariki. Niliwasha injini kwa hasira mpaka kofia yake ikaruka.

Mengine yote ya siku ni kuhangaika. Majani ya mashariki, gati za watu, mdomo wa kijito, kote nimepiga kama mtu anayetafuta ufunguo alioupoteza. Kufikia mchana nilikuwa na wanne, wa wastani. Bega lilishakufa ganzi, nikawa narusha kwa kiuno. Halafu zikabaki dakika chache, kwenye fungu moja la majani la hovyo, akala mmoja mpaka mshipi ukalia. Nikamvuta mpaka ubavuni mwa boti. Bi Odessa alikuwa tayari ameutia wavu majini. Nilimwona jicho. Akatikisa kichwa mara moja, chambo kikanirudia usoni, naye akazama bila haraka yoyote.

Kwa pointi zote za msimu nimemaliza wa thelathini na moja. Kati yangu na wa thelathini kulikuwa na pointi mbili, na pointi mbili kwa mzani wa leo ni wakia tano. Yule wa ubavuni alikuwa na ratili nne peke yake.

Twyla alinijia pale kwenye maegesho, bado amevaa boya.

"Ulilivua karavati?"

"Sikulivua."

"Hukulivua?" Akanitazama kana kwamba nimempiga. "Verna, kwa nini? Nilikuachia! Leo kutwa sikuligusa, nilizunguka mbali ili nikuachie wewe!"

"Nani alikuomba uniachie?"

"Ulikuwa unalia!"

"Ni langu!" Watu waligeuka, sikujali. "Karavati lile ni langu, Twyla! Miaka mitatu! Lilikuwa langu la leo, nililiweka msimu mzima, sikuligusa, hata mume wangu hajui, na wewe ukaja jikoni kwangu ukalitamka! Ukishalitamka mimi nitalivuaje?"

Rangi ilimtoka.

"Sikujua ni lako," akasema.

"Ungejuaje?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ni mahali!"

Tukatazamana, wanawake wawili wazima tunanuka samaki, na kama isingekuwa mimi ningecheka. Akageuka, akaenda zake. Begi lake liko bado chumba cha nyuma. Pichi zimebaki mezani.

Juni 14, Jumapili

Sikwenda kanisani. Sikupiga simu. Haikupigwa.

Juni 15, Jumatatu

Garland Stiles alipiga nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa.

"Verna, nina swali moja, na nataka jibu fupi. Ijumaa jioni Twyla Pruitt alikuambia mahali?"

Nilisogea hatua moja kwenye foleni. Mwanamke wa mbele yangu alikuwa anabishana kuhusu dawa ya kikohozi.

"Hutaki kusema, usiseme," akasema. "Amekuja mwenyewe jana hapa nyumbani kwangu, nimevaa pajama, akanieleza yote. Nimempigia Odessa Crum. Anasema mlisimama juu ya samaki mkawatazama kama mapicha ya makumbusho, ukamkataza hata yeye asirushe, na kwamba anadai arudishiwe kofia. Ungeniambia mwenyewe, Verna. Lakini kanuni inamfunga anayetoa habari na anayeitumia, na wewe hukuitumia. Yeye aliyetoa nimemfuta. Hana pointi za Guntersville. Ameanguka hadi wa arobaini na kitu."

"Garland, usifanye hivyo."

"Nimeshafanya. Na kila aliyekuwa chini yake amepanda ngazi moja." Akakohoa. "Wewe ni wa thelathini. Nataka jibu kabla ya saa tano kesho, ndipo natangaza majina. Utakwenda Fainali au nimwite wa thelathini na moja?"

Nimetoka dukani bila dawa.

Miaka kumi na minne nimeisubiri simu ile. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyopiga yowe. Badala yake nimekaa garini nikapiga usukani kwa kiganja mpaka mzee mmoja akagonga kioo. Hata hii nimepewa! Samaki watano tu ningewapata kwa mkono wangu, basi, nisingekuwa na wa kumshukuru wala wa kumlilia.

Doyle amesikiliza yote, bila likizo. Kisha akasema, "Ukikataa, anayepoteza ni nani?"

"Mimi."

"Na Twyla. Yeye ameshapoteza. Utampotezea mara ya pili."

Namchukia akiwa na akili.

Juni 16, Jumanne

Asubuhi nimempigia Garland nikasema ndiyo, nikakata kabla hajanipongeza. Kisha nikaendesha mpaka kwa Twyla na begi lake kwenye kiti cha mbele.

Alikuwa uani anaosha boti kwa mpira, boti ambayo haiendi popote mwaka huu. Kaylin alikuwepo, anafungua skrini kuzipangusa. Aliponiona alisema, "Bi Verna," akaweka kitambaa chini, akataka kuondoka.

"Kaa," nikamwambia. "Kwanza asante kwa Chickamauga. Nilipaswa kusema siku ile."

"Hamna neno."

"Kuna neno. Nimelisema. Sasa unaweza kuondoka."

Akaenda akicheka. Twyla hakuzima maji.

"Nimemkubalia Garland," nikasema.

"Vizuri."

"Na nina hasira."

"Najua. Gari lako nimelisikia toka barabara kuu."

"Ulipiga hesabu? Ulijua ukifutwa mimi nitaingia?"

"Sikupiga." Akaosha sehemu moja ile ile. "Nilikwenda kwa Garland kwa sababu nilikuwa nimevunja kanuni na sikuweza kulala. Hesabu niliipiga baadaye, garini, nikirudi. Nilipoona umeingia nilipiga honi mpaka kwenye taa za mjini. Watu walidhani nimefunga ndoa."

Sasa alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimeanza, na maji ya mpira yalikuwa yanaingia viatuni mwangu.

"Sikuitaka hivi," nikasema. "Nilitaka niipate kwa mkono wangu."

"Verna. Ulisimama juu ya samaki wale hukurusha hata mara moja. Ule ulikuwa mkono wa nani?"

Nikachukua kitambaa cha Kaylin nikaanza kupangusa upande wa pili wa boti. Tukafanya kazi mpaka tukakutana nyuma, kwenye injini.

"Na Fainali ni Ziwa Dardanelle," Twyla akasema, akifuta pua kwa mkono wa shati. "Dardanelle mimi naijua vizuri. Agosti ukifika kule, usihangaike na mto mkubwa, wewe nenda moja kwa moja…"

Majina yalikuwa yameshatangazwa saa tano, na kwa Fainali kanuni ya kutopewa mahali huanza pale majina yanapotangazwa. Nilimrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja, na nikamshikilia hivyo hivyo, machozi yake yananilowesha vidole, mpaka alipotikisa kichwa kwamba ameelewa.